Ovaroli Namba Thelathini na Moja

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai miguu imepungua kuvimba na baba anameza dawa zake bila kugombana nawe. Mimi nipo. Chumbani bado tunalala watatu, na yule mwenzetu mshona viatu bado anakoroma kama trekta, tukimwambia anaapa kwamba ni sisi.

Nakuandikia kwa sababu simu ya hapo nyumbani anaishika baba, na hili sitaki alisikie.

Shangazi, msimamizi wa ghala amenifanyia jambo. Ilikuwa Alhamisi, saa ya chakula cha mchana. Aliniambia nikachukue karatasi za majalada ya madaftari, nikaingia ghalani, akaja nyuma yangu akafunga mlango kwa ufunguo. Wenzangu walikuwa nje wanakula. Nilikuwa nawasikia wanacheka. Neno lenyewe nimeanza kuliandika mara tatu na mara tatu nimechana karatasi. Wewe ni mwanamke, umenielewa.

Hapa kiwandani kila Ijumaa tunarudisha ovaroli ghalani zikafuliwe. Kila moja ina namba, yangu ni thelathini na moja. Ijumaa ile sikuirudisha. Nimeikunja ilivyo, nimeifunga kwa karatasi za kaki na kuishona juu kwa uzi wa madaftari. Chumbani kwetu kabati halina kufuli, kwa hiyo naituma kwako kwa ofisi ya vifurushi. Usiifungue. Usiifue. Nakuomba hivyo kwa sababu nakujua, ukiona doa mikono inakuwasha. Sina kitu kingine cha kuonyesha. Nilishaoga, tena mara mbili, kabla sijajua kwamba mtu akifanyiwa hivyo haogi kwanza.

Msalimie baba. Mwambie nina kazi nyingi.

Wako,
Chiriku


12 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ya tarehe tatu nimeipata jana, mzigo bado. Miguu yangu usiiulize, ina mambo yake. Baba yako nimemnasa ameficha kikopo cha chumvi chini ya mto. Mzee mzima, mvi mpaka masikioni, analilia chumvi! Daktari amesema presha ikipanda tena hatuelewani. Fundi bomba amekuja mara ya tatu, amekunywa chai, amesifu chai, ameondoka, bomba linavuja pale pale.

Hayo uliyoandika nimeyasoma.

Kula vizuri. Usikae peke yako na mtu yeyote. Vaa suruali ndani ya ovaroli. Usimwambie mtu kwanza, tufikirie, watu wana midomo na wewe bado hujaolewa. Hivi mlikuwa mmezoeana naye? Nauliza tu, usininunie.

Jikaze kisabuni, mama. Haya mambo yanapita.

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za chumvi, nilicheka kidogo.

Umeniuliza kama tulikuwa tumezoeana. Tulizoeana kama mtu anavyozoeana na msimamizi wake, yeye anasema na mimi naitikia. Nimekujibu. Usiniulize tena.

Jumatatu iliyopita nilipiga moyo konde nikaenda kituo cha polisi. Kuna kaunta ndefu na benchi la watu mbele yake. Nyuma yangu alisimama mwanamume aliyeibiwa baiskeli. Askari akauliza shida yangu nini, nikamwambia kwa sauti ya chini. Akasema, "Ongea, sisikii." Nikaongea. Yule wa baiskeli akaacha kupekua risiti zake ili asikie vizuri. Niliulizwa nilivaa nini. Ovaroli, nikasema, vifungo mpaka shingoni. Nikaulizwa kwa nini nimekaa mwezi mzima, na kwa nini sikupiga kelele wakati watu walikuwa hapo nje. Hilo la kelele, Shangazi, nikamwambia hazikutoka. Hata mimi najiuliza kila siku.

Mwishoni akasema nilete barua ya kazini kuthibitisha kwamba siku ile nilikuwa zamu. Nikamwambia zamu zetu za upande wa karatasi anayezisaini ni yeye huyo huyo msimamizi. Askari akaandika hivyo kwenye daftari, wala hakuinua kichwa. "Basi akusainie." Na daftari lenyewe ni la kiwanda chetu, nililitambua jalada, huenda kurasa zake nilizipanga mimi kwa mikono yangu. Wa baiskeli alipewa namba ya faili. Mimi niliambiwa nirudi nikiwa na barua.

Ijumaa moja mwezi uliopita msimamizi alisimama mbele yetu wanawake kumi na wanne na orodha yake ya ovaroli. Akafika kwangu. "Thelathini na moja iko wapi?" Nikasema imepotea. Akasema, "Itafute," na kutabasamu. Sasa kila Ijumaa ananiuliza hivyo hivyo, na wenzangu wanadhani mimi mzembe wa vitu. Anajua, Shangazi. Anajua kuna kitu nimekishika.

Mzigo umefika? Hukuniambia.

Chiriku


2 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa, baba yako alilazwa siku nne. Ametoka, anatembea, anabishana na kila mtu, kwa hiyo amepona. Anakuulizia. Nimemwambia unapanga madaftari ya nchi nzima.

Hiyo kazi iache, mwanangu. Rudi nyumbani. Kuna mama mmoja ana duka la vitambaa anatafuta msichana mkweli, hesabu unazijua, utakaa na sisi utapumua. Kituoni usirudi. Umewaona wenyewe walivyo.

Mzigo ulifika. Upo kabatini, salama. Usiwe na wasiwasi.

Shangazi yako


24 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mpe baba pole, na mwambie nampenda, nimeshindwa kumpigia kwa sababu atasikia sauti yangu na kuniuliza.

Nina habari, na kwa mara ya kwanza tangu Januari ni habari nzuri. Pale kiwandani kuna mama tunamwita Mama Gundi, ndiye anayepaka gundi migongo ya madaftari, ana miaka kumi na moja pale. Alinikuta chooni nalia. Akaniangalia, akasema, "Na wewe?" Maneno mawili tu. Tulikaa sakafuni tukashikana mikono mpaka kengele ikalia.

Ndiye aliyenipeleka kwa wakili mmoja mwanamke anayesaidia watu bila malipo. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la rangi, ngazi zote zinanuka tina ya kuchanganyia rangi. Alifunga mlango, akanipa maji, akaniacha nilie. Kisha akaniuliza mambo yale yale ya askari, lakini aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikaliandika neno. Alinibaka. Limeandikwa na kusainiwa, na sasa nakuandikia na wewe.

Wakili anasema ovaroli ikiwa imekaa kavu ndani ya karatasi, bila kufuliwa, hata baada ya miezi inaweza kupimwa. Akiwa nayo mkononi ataenda kwa wakubwa wa yule askari, hatuhitaji tena barua ya msimamizi. Na Mama Gundi atasema ya kwake ikiwa na mimi nina kitu. Aliniambia, "Mimi nina maneno tu. Wewe una nguo."

Itume, Shangazi, kwa njia ile ile, wala usiuguse mshono. Niandikie siku utakayoituma ili nikaisubiri. Wakili anaitaka kabla ya tarehe ishirini Mei.

Chiriku wako, na leo nimekula sahani nzima


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hapa mvua zimetuchosha, ukuta wa jikoni umelowa. Baba yako mzima.

Sijui nianzie wapi. Ile nguo ilifuliwa. Mzigo ulitangulia, barua ikafuata nyuma. Nikadhani umenitumia nguo nikufulie kama zamani ulipokuwa shule. Nikaifua. Barua ilipokuja kesho yake nilibaki nimeshika kichwa. Niliposema ipo salama niliogopa kukuvunja moyo. Ni uzee tu, mwanangu, na haraka.

Huenda ni Mungu amependa hivyo, usiingie kwenye mahakama ukavuliwa nguo mara ya pili mbele ya watu.

Shangazi yako


13 Mei

Shangazi,

Kazi yangu ni kupanga kurasa. Nachukua ya kwanza, ya pili, ya tatu, siku nzima, na moja ikikaa vibaya naiona hata nikisinzia. Barua zako zote ninazo. Nimezipanga.

Tarehe kumi na mbili Februari umeandika kwa mkono wako: barua nimeipata jana, mzigo bado.

Barua ilitangulia. Uliisoma. Nilikuandikia usiifungue na usiifue, ukaifungua ukaifua. Kisha ukanidanganya mara mbili.

Usinitajie baba wala Mungu. Niambie kwa nini.

Wakili nimemwambia leo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema pole. Mama Gundi bado sijamwambia, naona aibu.


1 Juni

Chiriku,

Sina uso wa kukusalimia, lakini nakusalimia.

Ni kweli. Barua yako ilitangulia. Niliisoma mara mbili nikaiingiza ndani ya foronya. Mzigo ulipofika tarehe kumi na tano baba yako alikuwa kliniki. Nilikata uzi wako kwa kisu cha jikoni. Nimefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na tisa, doa halinidanganyi, la damu nalijua, la dawa nalijua, la mwanamume nalijua. Niliyaona mawili, la damu na la mwanamume. Nilijua ni nini na nilijua ulichoniomba. Nikajaza beseni maji ya baridi, kwa sababu damu haitaki maji ya moto. Unaona? Hata hapo sikukosea kazi. Nikaifua mara tatu, nikaianika uani, nikaipiga pasi mpaka kola ikasimama. Nikakaa kitandani nikaiangalia. Nilifurahi, Chiriku. Mungu wangu, nilifurahi, kana kwamba nimekuponya.

Nilijiambia ni kwa ajili ya presha ya baba yako. Uongo mtupu. Baba yako ni mgonjwa, si yai.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Yalinipata pale pale kazini, chumba cha kukaushia, mchana kama wewe. Nilipoachwa nikavua sare, nikaitia kwenye mashine pamoja na mashuka ya wodi nne, nikajifunga shuka moja kiunoni nikasimama mpaka mashine ikamaliza. Nikaivaa mbichi, nikamalizia zamu. Sikumwambia mama. Sikumwambia baba yako. Sikumwambia yule mume niliyekuwa naye, ambaye aliondoka bila kujua kwa nini nilimrukia kila alipozima taa. Na nilijisifu! Nilijiona mwanamke shupavu. Nikapandishwa cheo, nikawa mkuu wa chumba cha kufulia, na kila msichana aliyekuja kujificha pale alie, nilimwambia nawa uso urudi kazini. Sijui walikuwa wanalilia nini. Sikumuuliza hata mmoja.

Sasa barua yako inakuja, mtoto niliyemlea mwenyewe tangu mama yako alipofariki, na wewe hukufua. Ulikunja ukaficha. Nilikuonea hasira, ndiyo hasira, kwa sababu ulikuwa na akili ambayo mimi sikuwa nayo. Nikakufanya uwe kama mimi. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Nakuja. Nitakaa mbele ya wakili wako na mbele ya polisi, nitasema nilichokiona kabla sijakifua, na kwamba nilikifua makusudi. Wakinifunga, wanifunge.

Shangazi yako


10 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Natumai ulifika nyumbani salama baada ya kuja huku kutoa maelezo, na miguu imepumzika. Nimechukua muda mrefu kuandika kwa sababu nilikuwa nangoja niwe na cha kukuambia, na pia kwa sababu nilikuwa sitaki.

Majibu yametoka. Nguo ilivyofuliwa, hawakupata kitu. Maelezo yako wameyaita maelezo ya ndugu wa mlalamikaji. Mama Gundi alipojua hakuna nguo alirudi nyuma, na simlaumu, ana watoto wanne. Kesho yake alinipita kwenye ngazi akainamisha macho. Faili limewekwa kando hadi upatikane ushahidi mpya. Wakili ameniambia "kando" maana yake ni kabatini. Msimamizi bado yuko ghalani na funguo zake kiunoni. Ijumaa haniulizi tena namba thelathini na moja. Nimepewa ovaroli nyingine, namba hamsini na nne, inanibana mabegani. Mwisho wa mwezi naacha kazi. Wakili ameniombea mahali pengine, ni kufungasha tu, lakini wote ni wanawake.

Sijakusamehe. Nataka ulijue hilo ili tusidanganyane. Kuna siku nakuchukia kuliko hata ninavyomchukia yeye, maana yeye sikumwamini.

Lakini siku ile kituoni tulikaa benchi moja. Askari akakuuliza, "Wewe mama umejuaje madoa hayo ni ya nini?" Ukasema, "Kazi yangu." Mimi nilikutazama mikono. Ulikuwa unajifinya mpaka ngozi ikaweka alama, na la kwako hukulisema. Nilingoja uliseme.

Barua yako ya Juni nimeisoma mara nyingi. Umeniandikia maji ya baridi, wodi nne, shuka ulilojifunga. Mtu hukumtaja. Mimi wangu nimemtaja, jina lake lipo kwenye faili, hata kama faili liko kabatini mtu akifungua atalikuta. La kwako halipo popote. Hakuna aliyewahi kukuuliza, sasa nakuuliza mimi.

Ni nani, Shangazi? Nitakuamini.

Chiriku


22 Agosti

Chiriku,

Alikuwa fundi wa mashine pale hospitali, aliyekuwa anakuja kukaza mikanda. Unamjua. Ni yule mzee wa nyumba ya kona, aliyekaa na baba yako siku zote tatu za msiba wa mama yako, hakwenda hata kwake kulala. Wewe ulikuwa unamwamkia na yeye anakupa peremende. Jina lake kamili nimeliandika kwenye karatasi nyingine humu ndani, nimeikunja peke yake. Lihifadhi wewe. Nikilihifadhi mimi sijiamini.

Miaka thelathini na minne. Kila asubuhi nikiwa nafagia mbele ya nyumba anapita kwenda kununua maziwa. "Habari za asubuhi, dada?" Nami, "Nzuri, kaka, za kwako?" Kila asubuhi nimemwitikia, ili asije mtu akaniuliza kwa nini siitikii.

Leo amepita. Amenisalimia. Nimesimama na ufagio, sikuitikia. Akarudia kwa sauti ya juu, akidhani sijasikia. Nikamtazama usoni mpaka akaangalia pembeni akaenda zake, na maziwa hakununua, aligeuka akarudi kwake.

Baba yako alikuwa mlangoni, ameona yote. Akaniuliza, "Dada, mbona humwitikii mwenzio?"

Nimemwambia angoje. Nimeingia ndani nikuandikie wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye uliyeuliza wa kwanza. Namsikia anaburuta kiti, amekaa hapo hapo mlangoni, hajaondoka. Naifunga bahasha hii, kisha naenda kumjibu.

Shangazi yako